King Majuto Hakuhitaji Muswada

Kuna kauli iliyogeuka kuwa kanuni miongoni mwa wasomi wa sanaa, waandishi wa burudani na hata watengenezaji filamu wa kizazi cha sasa: kwamba vichekesho vya akina King Majuto, Mzee Small na Sharo Milionea, vile vilivyouzwa kwa kanda na diski, havikuwa filamu. Vilikuwa, husemwa, mizaha iliyorekodiwa. Kamera ilisimama mahali pamoja, sauti ilikwaruza, taa hazikuwepo, muswada haukuwepo, na aliyecheka alicheka kwa sababu hakuwahi kuona kitu bora. Kauli hii hutolewa kwenye makongamano Dar es Salaam, hurudiwa redioni, na imeshafika Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu. Kijana aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani huona haya kukiri mbele ya wenzake kwamba filamu aliyoipenda kuliko zote utotoni ni ya mzee wa Kitanga aliyevaa msuli, anayekimbizwa na mkewe uani.

Hana sababu ya kuona haya. Kauli hiyo inakosea kuhusu historia ya vichekesho, inakosea kuhusu kazi ya mwigizaji, na inakosea zaidi kuhusu mtazamaji wa kijijini. Nayo haikuishia mdomoni. Imewagharimu watu fedha zao, na inaendelea kuigharimu nchi kumbukumbu zake.

Shtaka linalopendwa kuliko yote ni la muswada. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo ilichezwa bila mazungumzo yaliyoandikwa. Waigizaji walipewa kisa: mzee bahili ana wake wawili wasiojuana, kijana amekuja kupanga chumba huku akijifanya tajiri, mdai anabisha hodi saa ileile ambayo mgeni wa heshima yuko sebuleni. Walikubaliana nani anaingia lini na mambo yanaishia wapi, kisha maneno yakazaliwa papo hapo mbele ya kamera. Anayeuita huo uvivu hajauliza ulikotoka.

Runinga ilifika Tanzania Bara mwaka 1994. Wakati huo vichekesho vilikuwa na miongo mingi jukwaani, na wataalamu walishaviandikia. Ebrahim Hussein, yule yule wa tamthilia ya Kinjeketile, alivijadili katika tasnifu yake ya udaktari aliyoiandika Berlin katika miaka ya 1970. Amandina Lihamba akavitazama tena katika utafiti wake wa miaka ya 1980. Katika maonyesho ya vikundi vya Muungano, Mandela au, baadaye, Tanzania One Theatre, programu ya jioni moja ilikuwa na ngoma, sarakasi, dansi, taarabu, maigizo na vichekesho, na watazamaji walikaa mezani na vinywaji vyao. Hawakuwa watazamaji wa kunyamaza kwa adabu. Mchekeshaji aliyeshindwa kuwachekesha alijua hapo hapo, kwa kelele au kwa migongo iliyogeuka. Aliyedumu miaka kumi katika kazi hiyo alikuwa amefanya mitihani mingi kuliko mhitimu yeyote wa chuo cha filamu.

Redioni mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Mahoka, na ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, watu wawili waliowavunja wasikilizaji mbavu kwa sauti tupu, bila uso wala mkono kuonekana. Vijiji vya pamba vya Busega na Bariadi, ambako kioo kilikuwa bado hakijafika, vilijifunza kucheka vichekesho vya Kiswahili kwa sikio. Picha ilipokuja baadaye, iliwakuta watu wenye masikio yaliyofundishwa.

Tena, kuchekesha bila muswada si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Vikundi vya Italia vya karne ya 16 vilizunguka mji hadi mji vikicheza kwa muhtasari wa kisa tu, kila mwigizaji akiwa na mhusika wake wa kudumu: mzee bahili, mtumishi mjanja, mwanajeshi mwenye majivuno asiye na ushujaa. Charlie Chaplin alitengeneza filamu zake kwa miaka mingi bila muswada kamili. Aliwaza mbele ya kamera, akirudia tukio mara kwa mara mpaka lipatikane. Filamu yake ya kwanza kuanza na muswada ulioandikwa wote ni The Great Dictator ya mwaka 1940, wakati alikuwa tayari mchekeshaji mashuhuri kuliko wote duniani kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna mhakiki wa Dar es Salaam anayesema The Kid si filamu. Chaplin alikuwa na studio yake, mafundi wake na miezi ya kurudia. Waigizaji wa Tanzania walikuwa na nyumba ya kuazima, mwanga wa jua, na tukio la kuchezwa mara moja au mbili kabla betri haijaisha. Kufanya kwa mara mbili kile ambacho mwenzako amekifanya kwa mara mia ni ufundi mkubwa, na unastahili kuitwa hivyo.

Amri Athumani, aliyejulikana kwa nchi nzima kama King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kuigiza akiwa bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ina maana kwamba alipofika kwenye kanda za video alikuwa na zaidi ya miaka 40 ya jukwaa. Yeyote anayetaka kuiona miaka hiyo amtazame Majuto akipokea habari mbaya. Kwanza hazisikii. Anaendelea na alichokuwa akifanya, anakaza msuli, anakung'uta kofia. Kisha neno moja katika yale aliyoambiwa linamfikia, na macho yanasimama. Hageuki haraka. Anauliza tena, kwa upole, kama mtu anayetaka kuhakikisha bei ya sukari. Anajibiwa tena. Ndipo sauti inapopanda, na ikishapanda haina breki: analaumu, anaapa, anamwita jirani awe shahidi, anajipinga mwenyewe katikati ya sentensi. Watazamaji huanza kucheka wakati wa ule ukimya, kabla hajasema lolote. Ukimya huo hauwezi kuandikwa kwenye karatasi. Ni hesabu anayoijua mwigizaji ndani ya mwili wake, na wengi wenye miswada mizuri hawaijui.

Mzee Small, Said Ngamba, alikuwa na hesabu nyingine. Alikuwa mfupi, na aliutumia ufupi huo kupanga picha nzima: akisimama kando ya mtu mrefu, tayari kuna kisa. Lakini ubabe wake ulikuwa wa jitu. Alizungumza kama mwenye nyumba hata alipokuwa mpangaji, na kila alipozidiwa alijivuta wima kana kwamba urefu ungeweza kupatikana kwa hasira. Sharo Milionea, Hussein Ramadhani Mkieti, alileta kitu ambacho wazee hawakuwa nacho: mwendo wa sharobaro, nywele, madaha, maringo ya kijana ambaye mfuko wake ni mtupu. Alipowekwa mbele ya Majuto, mwandishi hakuhitajika. Mzee aliyeamini kwamba dunia inadaiwa heshima alikutana na kijana aliyeamini kwamba dunia inadaiwa sifa, na wote wawili hawakuwa na nauli. Sharo alifariki katika ajali ya gari wilayani Muheza tarehe 26 Novemba 2012, akiwa na umri wa miaka 27. Vichekesho vya Tanzania vilipoteza siku hiyo jozi ambayo haijapatikana tena.

Shtaka la picha mbaya lina ukweli wake, na ukweli huo usifichwe. Picha zilikuwa na giza, sauti ilimezwa na upepo, na mara nyingine kivuli cha mshika kamera kilipita ukutani. Swali ni kwa nini, na wanaolaumu hawalijibu. Baada ya Shamba Kubwa ya mwaka 1995, na hasa baada ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, soko la filamu za video lilikua haraka na kukaa mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo, Dar es Salaam. Utaratibu ulikuwa kuuza kanda mama kwa bei moja. Msambazaji alilipa, akachukua kazi na haki zake, na baada ya hapo nakala ziuzwe 1,000 au 100,000, mtayarishaji hakuwa na chake. Mtu anayelipwa mara moja tu, kwa kiasi anachokijua kabla, hutumia kidogo kadiri inavyowezekana. Hupiga picha kwa siku chache. Hakodi taa. Huwalipa waigizaji kwa mkupuo mdogo na chakula cha mchana. Kivuli kile cha ukutani kilikuwa kivuli cha mkataba.

Na pale ambapo fedha na mitambo vilikuwepo, matokeo yalikuwa nini? Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1968 ilikuwa mali ya umma, ikiwa na mafundi na kamera za filamu halisi. Ilitengeneza filamu kama Fimbo ya Mnyonge, ya kuhamasisha vijiji vya ujamaa, lakini filamu zake ndefu za hadithi ni za kuhesabika kwa vidole. Zilikuwa na nia njema na picha safi. Wakazi wa Nyashimo wanaozikumbuka ni wachache mno, kwa sababu baada ya kuonyeshwa hazikurudi. Kanda za Majuto zilirudi kila wiki, na zilitazamwa mpaka mkanda ukakatika.

Mfano wa nje unaeleza zaidi. Mwaka 1980 Jamie Uys wa Afrika Kusini alitoa The Gods Must Be Crazy, hadithi ya chupa ya Coca-Cola iliyoangushwa kutoka kwenye ndege hadi katikati ya Wasani wa Kalahari. Filamu hiyo ilipendwa Marekani, Ufaransa na Japani, ikapendwa pia Afrika Mashariki, na wengi wa wanaodharau vichekesho vya Kariakoo huitaja hadi leo kama kipimo cha ucheshi mzuri. Picha zake ni nzuri kweli. Nyota wake, N!xau, ana uso ambao kamera inaupenda. Lakini sauti ya msimulizi inamweleza N!xau kama vile filamu za wanyama zinavyomweleza swala. Wapigania uhuru wenye silaha wanaonyeshwa kama kundi la wapumbavu, na hayo yalitengenezwa chini ya utawala wa Makaburu, wakati ambapo Tanzania ilikuwa imewapa wakimbizi wa ANC ardhi ya kujenga shule Mazimbu, Morogoro. Hiyo ndiyo filamu yenye ubora? Katika kichekesho cha Majuto hakuna msimulizi anayesimama juu ya mwanakijiji na kumweleza kwa wageni. Mwanakijiji anajieleza mwenyewe, kwa lugha yake, anakosea kwa akili yake na anaumbuka mbele ya watu wake. Tofauti hiyo ina uzito kuliko idadi ya taa.

Mtindo wa kumcheka mshamba aliyefika mjini ni wa zamani kuliko wote hawa. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, ilitoa Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kutapeliwa. Aliyecheza alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Filamu hiyo leo hutajwa kwa heshima katika historia ya sinema ya nchi, na ni sawa itajwe. Lakini mkoloni aliyeilipia alitaka funzo moja: mtu wa shamba abaki shambani. Vichekesho vya video vilichukua kisa kile kile na kukigeuza. Mshamba wa Majuto mara nyingi ndiye anayemwacha mjanja wa mjini hoi, na anayetapeliwa ni yule mwenye suti. Iweje kazi ya 1952 iwe urithi, na ile iliyoijibu baada ya nusu karne iwe takataka?

Sasa mtazamaji. Hapa ndipo dharau inapojionyesha waziwazi, kwa sababu kusema kwamba watu walicheka kwa kutojua kitu bora ni kusema jambo la uongo kuhusu vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, vya nchi nzima. Nyashimo iko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Kilichotoka Kariakoo kupitia Mwanza kwenda Musoma kilipita hapo. Katika vibanda vya Nyashimo, Lamadi na Magu mtazamaji alikaa kwenye benchi la ubao mbele ya runinga moja iliyowekwa juu, jenereta likinguruma nje, na siku moja iliweza kuwa na Bruce Lee mchana, Amitabh Bachchan jioni na Schwarzenegger usiku. Aliwajua Jackie Chan na Mr. Bean, ambao ni wachekeshaji wa kiwango cha dunia kwa hukumu ya yeyote. Alikuwa ameona mengi. Filamu za nje zilimfikia kupitia watafsiri, na hodari kuliko wote alikuwa Lufufu, aliyeweka maneno ya Kiswahili juu ya sauti za Wachina na Wamarekani na kuongeza chumvi yake. Mtu aliyekuwa na uchaguzi huo wote, na akatoa sarafu yake ya mwisho kumtazama Majuto, alikuwa akichagua.

Kwa sehemu kubwa ya watazamaji hao, Kiswahili ni lugha ya pili. Ni watu wanaoamkiana "mwangaluka" kwa Kisukuma asubuhi na kubadilisha lugha wakifika shuleni, sokoni au ofisini. Kiswahili walichokutana nacho huko kilikuwa cha amri, cha matangazo na cha vitabu. Kwenye kanda za akina Majuto walikisikia kikigombana, kikibembeleza, kikidanganya, kikiomba msamaha, kikipandwa na jazba na kupoa. Lafudhi ya Tanga ilifika kwa mfugaji wa Meatu na mvuvi wa dagaa wa Busega ambao hawakuwahi kuona bahari. Serikali imetumia fedha nyingi kueneza lugha hiyo, na kwa haki. Wachekeshaji waliieneza bure, tena upande wake ulio hai kuliko wote.

Usukuma, isitoshe, una sheria yake ya kale ya kuhukumu sanaa. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayotokana na mahasimu Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati. Hakuna jopo la majaji mezani. Watu wana miguu, na miguu yao ndiyo kura. Ndiyo maana wachezaji wa Kisukuma wamebuni kila mbinu, kuanzia nyoka na vinyago mpaka vituko vya kuchekesha, ili mtu aliyesimama upande wa pili ahame. Watu waliolelewa katika desturi hiyo hawapokei sanaa kwa huruma. Msanii asiyewashika huachwa palepale, peupe, na wapinzani wake wakishangilia. Majuto aliwashika watu hao kwa miaka, kupitia kioo kidogo chenye mikwaruzo, akitumia lugha isiyo yao, kutoka mji ulio upande wa pili wa nchi. Mhakiki anayesema hilo halina maana inampasa kwanza aeleze ni kipimo gani cha sanaa ambacho ni kikali zaidi.

Lipo shtaka moja ambalo halistahili kupuuzwa, nalo hutolewa zaidi na wanawake: kwamba katika vichekesho hivi mke hupigwa na watu wakacheka, mlemavu huigwa, na umbo la mwanamke hugeuzwa mzaha wa dakika kumi. Ni kweli. Matukio hayo yapo, hayachekeshi leo, na hayakupaswa kuchekesha wakati ule. Msukuma naye ametumiwa mara nyingi mno kama mlinzi mzito wa kuelewa, mwenye lafudhi ya kuigwa, na watu wa Simiyu wana haki ya kuchoshwa na mhusika huyo. Kasoro hizo zitajwe kwa majina yake. Lakini zipimwe pamoja na upande wa pili, ambao wenye kushtaki huusahau: anayeaibishwa zaidi katika kazi hizi ni mwanamume mzee mwenye mamlaka. Ni baba anayeficha nyama, mume anayenyemelea msichana wa jirani, mganga wa uongo, mwenye nyumba katili, mjumbe anayekula rushwa. Kila kisa hukimbilia pale ambapo mzee huyo anakamatwa mbele ya mkewe na watoto wake. Katika jamii ambayo mzee haulizwi, jambo hilo lilikuwa na ujasiri wake, na aliyelifanya alikuwa mzee mwenyewe.

Wala utetezi huu haudai kwamba kicheko kilikufa na wazee. Ze Comedy walipoanza EATV, kisha wakahamia TBC, akina Joti, Masanja na Mpoki waliwaiga wanasiasa kwa namna ambayo nchi ilikuwa haijazoea. Futuhi wa Star TV, kituo cha Mwanza, waliwapa watu wa Kanda ya Ziwa wachekeshaji wa karibu na kwao. Leo Mkojani na Tin White wanacheza visa vya mtaani vinavyotazamwa kwenye simu, na jukwaa la Cheka Tu limewapa vijana nafasi ya kusimama peke yao na kipaza sauti. Mtu akimtazama Mkojani akivuta sentensi na kumsubiri mwenzake aingie kwenye mtego, anaona mara moja shule aliyosomea. Kuiita shule hiyo upuuzi na kuwasifu wanafunzi wake ni kujipinga. Hata Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga aliyetamani sinema ya Tanzania ifanane na ya Nigeria kwa ukubwa, aligeukia ucheshi katika Uncle JJ, na watoto wa Kanda ya Ziwa wakaikariri.

Filamu kama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imeonyesha kamera ya Kitanzania inaweza kufanya nini ikipewa muda, fedha na riwaya bora. Inastahili kila sifa iliyopata. Kuitumia kama rungu la kuwapigia wachekeshaji wa video, kama ilivyozoeleka sasa, ni kupima mbio kwa kipimo cha mieleka. Ile ni filamu ya mwongozaji. Hizi ni filamu za mwigizaji, na kitu cha kutazamwa ndani yake ni uso na mwili wa mtu anayejua kazi yake.

Dharau ina bei, na bei hiyo iliwaangukia wasanii wenyewe. Kitu kinachoitwa upuuzi hakiandikiwi mkataba mzuri. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, ilidhihirika hadharani kwamba mtu ambaye sura yake ilikuwa imeuza bidhaa za makampuni mengi hakuwa na fedha za kumfaa kitandani. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Majuto alifariki Muhimbili usiku wa tarehe 8 Agosti mwaka huo. Mzee Small alikuwa ametangulia mwezi Juni 2014, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nchini Kenya, ambako kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilidumu kwenye kituo cha taifa kwa miongo, nyota wake Benson Wanjau, Mzee Ojwang', alifariki mwaka 2015 baada ya wapenzi wake kuchangishana kwa ajili ya matibabu ya macho yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Ilikuwepo wakati sehemu kubwa ya kanda hizi inauzwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba kichekesho cha Kariakoo ni mali inayostahili kulindwa na sheria hiyo.

Bei ya pili inalipwa sasa. Kanda za VHS zinaota ukungu. Diski za VCD zimechunika. Vipande vilivyobaki vimepandishwa kwenye YouTube na watu wasiohusika, vikiwa vimekatwa mwanzo na mwisho, bila jina la filamu, bila mwaka, bila majina ya waliocheza, na mapato ya matangazo yakienda kwa aliyepandisha. Leo hakuna mahali ambapo mwanafunzi wa sanaa anaweza kwenda na kupata orodha kamili ya filamu za King Majuto pamoja na miaka yake. Katika nchi yenye Bodi ya Filamu, yenye kituo cha utangazaji cha taifa na yenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha sanaa, hilo halina udhuru.

Kazi ya kufanya inajulikana na haihitaji mabilioni. Bodi ya Filamu na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikae na wasambazaji wa Kariakoo, zijue nani anamiliki nini, na familia za wasanii ziingizwe kwenye mapato ya kazi zinazoendelea kuonyeshwa. Chuo kipeleke wanafunzi Tanga, Mwanza na Simiyu wakusanye kanda na kuwarekodi waigizaji wa pembeni ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wenye vibanda wa zamani wa Nyashimo na Lamadi waulizwe, kwa maana baadhi yao bado wana masanduku ya kanda kwenye stoo. Na msomaji mwenye VHS au VCD ya vichekesho nyumbani asiitupe, hata kama mashine ya kuichezea imekufa. Aandike juu yake jina la filamu na majina ya waigizaji anaowatambua, aiweke mahali pakavu, atoe taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya yake. Wengi waliocheza na Majuto na Mzee Small sasa ni wazee. Wahojiwe mwaka huu.